Basi Lingemfikisha Haraka

Fundi viatu wa kibarazani kwetu tulimwita Gundi, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata. Mimi natengeneza baiskeli upande wa pili wa nguzo, ndiyo maana maandalizi ya safari yake niliyaona yote.

Mwanawe wa pekee alikwenda ng'ambo ya mipaka kufanya kazi ya kujenga maghorofa. Siku moja mwenzake alipiga simu: kijana ameanguka kutoka juu, amekufa, wamemzika hukohuko. Gundi aliweka simu chini, akaokota kazi yake, akashona soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia.

Mkewe alikataa katakata. Hakulia, na waliokwenda kumpa pole aliwafungia mlango.

"Simu haina macho," alisema. "Aliyemzika mwanangu ni nani? Nileteeni nimwone."

Ndipo Gundi akasema atakwenda mwenyewe kulitazama kaburi. Kwa baiskeli, peke yake. Kibaraza kizima kikaangua kicheko.

"Mipaka mitatu kwa pedali!" kinyozi akasema. "Wewe kamlima ka sokoni tu unashuka, unakokota."

"Nitakokota."

"Na simba je?"

"Simba akiniona nilivyokonda, atanichangia nauli."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka.

Tulipobaki wawili, nikiwa nafunga spoku mpya kwenye gurudumu la nyuma, nilimuuliza kwa nini asipande basi kama watu wengine.

"Basi litanifikisha haraka, mdogo wangu. Nikishafika, mtoto amekufa. Njiani, bado."

Nikakaza spoku.

Alikuwa na ramani kuukuu ya shule. Aliipima njia yote kwa uzi wake wa kushonea, akipiga fundo kila mahali atakapolala. Uzi aliutundika msumarini, chumbani kwao. Asubuhi akaukuta umenyooka; mkewe ameyafungua mafundo yote. Hawakugombana. Alipima upya, akafunga. Kesho yake yakawa yamefunguliwa tena. Ikawa hivyo siku nyingi, watu wawili wazima, kila mmoja na kazi yake juu ya uzi mmoja.

Hatimaye asubuhi moja aliyakuta mafundo yote yapo. Alikuja kibarazani macho mekundu, lakini uso umelegea.

"Amekubali," aliniambia. "Mama amekubali kwamba mtoto hayupo. Sasa naweza kwenda."

Siku ya kuondoka mkewe alikuja na furushi. Ndani mlikuwa na shati la kijana lililopigwa pasi, na jozi ya viatu vilivyong'arishwa.

"Usimkabidhi tu, mume wangu," alisema. "Mvalishe. Vikimbana, si wewe ni fundi? Vitanue hukohuko."

Gundi alimtazama mkewe, kisha viatu. Akafungua tairi la akiba kwenye keria, akanipa mimi, akafunga furushi mahali pake.

"Nitamvalisha," akasema.

Akapanda, akayumba kidogo, akakata kona bila kugeuka.

Mama alibaki amesimama hapo, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

"Shemeji," akaniuliza, "wakati wa kurudi, ile keria itambeba mtu mzima?"

"Itambeba," nikasema.