Alama Iliyokataa Kuvimba

Fundi wa magauni ya maharusi alikuwa na siri yake: akiwa kwenye dripu, alikuwa anasikia raha. Dawa ya kutuliza ikishaingia, wodi nzima inalegea, mapazia yanaanza kupumua, na mbele ya macho yake inapita satini nyeupe isiyo na mwisho, naye anaifuata bila mkasi wala pini. Raha gani hiyo, jamani, kwenye saratani? Lakini uvimbe wake ulikuwa unasinyaa, na mtu anayeona uvimbe unasinyaa hata sindano ataipenda.

Siku moja, ndani ya satini ile ile, viganja vikaanza kumwasha. Akavisugua kwenye blanketi, akarudi usingizini. Mara uso ukamwiva, kifua kikambana. Muuguzi akafunga dripu mbio mbio, fundi akaletewa oksijeni, na akili zilipomrudia, daktari alikuwa ameketi kando yake.

"Mama, inaelekea mwili wako umeanza kuikataa hii dawa ya saratani. Ni mzio. Ila sitaki kukisia, tutapima ngozi. Mpaka siku ya kipimo, tafadhali, usimeze kidonge chochote cha kuzuia mwasho, kitaficha majibu."

Yeye alichosikia ni kukataa tu. Basi, dawa yangu wananinyang'anya, akawaza, na uvimbe utarudi kunimaliza.

Akafanya nini? Akafanya lile analofanya fundi mshono ukipinda: anaupiga pasi, mteja asiuone. Asubuhi ya kipimo akameza vidonge vya mwasho, akavisindikiza kwa chai. Binti yake, aliyemsindikiza hospitali, hakujua lolote.

Muuguzi wa kipimo, mama mnene mwenye maneno, akamdondoshea matone mkononi, akachoma kidogo juu ya kila tone. "Hili ni maji tu. Hili ndilo dawa yako. Na hili, dada yangu, linamvimbisha kila mtu. Hata daktari nikimchoma atajikuna."

Wakangoja. Vile vidonge vikamchukua fundi, akaelea mahali penye mwanga mwingi na sauti za mbali. Alipofumbua macho, mkono wake ulikuwa safi, laini, hauna hata kipele. Furaha ikamjaa.

Muuguzi hakufurahi. Aliusogeza mkono dirishani, akauangalia sana.

"Umemeza nini?"

"Sijameza kitu."

"Hebu! Hata lile la kumvimbisha kila mtu limelala doro. Kuna kidonge humu ndani. Mficha uchi hazai, dada."

"Nimeshazaa wanne, wananitosha."

Binti akacheka. Kisha akaelewa, kicheko kikakatika. "Mama! Ulitaka kufa kwenye dripu?"

"Nilitaka kuishi," fundi akasema, na machozi yakamtoka.

Daktari alipoitwa hakugomba, ingawa mimi ningegomba. Alivuta kiti. "Tungedanganyika, ningekufungulia dripu kwa kasi ile ile, na kesho ningekuwa nampa binti yako pole. Nani kakwambia tutakunyang'anya? Mwenye mzio tunaweza kumpa dawa ile ile, pole pole sana, tukiwa tumekaa naye. Lakini lazima tujue. Na yeye lazima aseme."

Siku kadhaa baadaye kipimo kikarudiwa, safari hii bila vidonge. Alama ya dawa yake ikavimba, nyekundu, inawasha kweli kweli. Alilia tena, lakini hakuificha.

Siku ya dripu, muuguzi yule mnene akaketi karibu naye, dawa ikishuka kwa uvivu. Usingizi ukaja mtamu, mzito, unamvuta chini kwa upole. Humo ndani, kwa mbali sana, viganja vikaanza kuwasha. Akaogopa. Labda utapita, akajiambia. Labda wakijua watabadili mawazo. Ingekuwa rahisi sana kulala tu.

Akajikokota mpaka juu, akafumbua macho.

"Sista, nawashwa."

Muuguzi akafunga dripu, akamshika mkono. Wakakaa hivyo mpaka mwasho ukatulia. Kisha muuguzi akaifungua dripu tena.