Ubeti Aliouacha Folarin

Morenike alijua kusuka kabla ya kujua kurap, na vyote viwili alivipata saluni kwa Maman Rolande, barabara ya Chaussée de Wavre, kati ya duka la vitenge na lile la samaki wa kukausha. Waliomsikia akisema Kiswahili cha Bukavu walidhani ni mtoto wa Kivu. Hapana, ni Myoruba, baba na mama wote wa Ibadan, ila alizaliwa hapa hapa Brussels. Mama yake alisuka kwenye kiti cha pili kutoka dirishani, na kwa kuwa baba alirudi kwao mapema na hakuonekana tena, watoto wawili walikulia pale pale, kati ya miguu ya wateja.

Mkubwa alikuwa Folarin. Alimzidi Morenike miaka saba. Hata leo, Morenike akisikia harufu ya mafuta ya nywele yakipata moto, anamwona kaka yake ameketi juu ya katoni la rasta, anagonga meza kwa kitana na kuwatungia kina mama maneno. Hakuna aliyepona.

"Maman Rolande, kichwa yako ni kama mulima Kahuzi," aliimba siku moja, "watu wanapanda asubui, wanashuka magaribi!"

"Weye mutoto!" Maman Rolande akampiga na taulo. "Rudilia, rudilia, nisikie muzuri."

Nyumbani mambo yalikuwa ya Kiyoruba. Kila asubuhi, kabla ya chai, watoto walimwamkia mama. Folarin alijilaza kifudifudi juu ya zulia, miguu ikigonga kabati, maana sebule ilikuwa ndogo na yeye mrefu. Morenike alipiga magoti. Na mama aliwaitikia kwa oriki, yaani sifa za mtoto na za ukoo wake, zinazotamkwa nusu maneno nusu wimbo. Kwanza Folarin, aliyeitwa Akanni katika sifa hizo, mjukuu wa wawindaji, asiyegeuka nyuma msituni. Kisha Morenike: Abeke, wa kubembelezwa, wa kulelewa kwa mikono miwili. Ilikuwa kama kuvishwa koti kabla ya kutoka kwenye baridi.

Siku moja Folarin alimrekodi mama kwa simu, kwa siri, akaiweka sauti ile mwanzoni mwa wimbo wake. Mama alinuna siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Hebu niisikie tena."

Folarin alikuwa na ugonjwa wa damu, wa kuzaliwa nao. Mungu alimwita wiki moja kabla ya Krismasi, akiwa na miaka ishirini na sita. Tangu hapo mama hakulitamka jina lake. Morenike aliendelea kupiga magoti asubuhi, na mama alimgusa kichwa tu: "Umelala salama?" Basi. Sifa za Abeke zilifuata za Akanni siku zote, na mama hakuweza kuruka zile za kwanza ili azifikie za pili. Morenike alielewa, hakudai. Lakini kila siku alitoka mlangoni akihisi amesahau kitu ndani.

Mwaka uliofuata akaja Hénock, kijana wa Lubumbashi aliyemtengenezea Folarin muziki. Alimvalisha Morenike visikilizio vyake vikubwa vya masikioni. Sauti ya kaka ikaingia, ikaimba ubeti mmoja, kisha ikanyamaza, na ngoma ikaendelea peke yake.

"Ameishia hapo?"

"Non. Aliacha nafasi. Alisema: 'Hapa mudogo wangu ataingia.'"

Morenike alilia mpaka visikilizio vikalowa. Halafu akaanza kuandika. Aliandika saluni, mteja akiwa chini ya mashine ya kukaushia, kwa Kifaransa, kwa Kiyoruba, na pale alipotaka kucheka, kwa Kiswahili cha Maman Rolande. Ilimchukua miezi. Kitu kimoja tu alikitaka: mama ausikilize ubeti huo, na asiondoke.

Mwaka wa pili wa kumkumbuka Folarin, Maman Rolande aliomba ukumbi wa parokia, Jumamosi baada ya misa ya saa nne. Kulikuwa na chai, mandazi, na kina mama wote wa saluni wamevaa sare. Mama alikaa mstari wa mbele, mkoba juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Muziki ukaanza. Sauti ya Folarin ikajaza ukumbi. Mama akatazama sakafu, lakini hakuinuka. Ubeti ukaisha. Morenike akashika kipaza sauti:

"Folarin, umeniachia mlango, Folarin, nami..."

"Simamisha!"

Mama alikuwa amesimama. Hénock akazima. Ungeweza kusikia birika likichemka jikoni.

"Nani huyo unayemwita?"

"Kaka, mama."

"Mlizaliwa siku moja?"

Morenike akashusha kipaza sauti. Kwa Wayoruba mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu, hata kama wamepishana mwaka mmoja. Maisha yake yote alimwita Boda mi, kaka yangu. Katika wimbo aliliondoa neno hilo kwa sababu Hénock alisema linavuruga mapigo.

"Maman Folarin," Maman Rolande alinong'ona, "acha mutoto aimbe. Ni musiki tu."

"Musiki haina adabu? Alipokuwa hai hakuthubutu. Leo anamwita kama rika lake, kwa sababu hawezi kumjibu?" Akamnyooshea kidole. "Folarin si rika lako, Morenike! Folarin ni mkubwa wako!"

Kila mtu alilisikia jina lile, naye mwenyewe akalisikia. Akashika mgongo wa kiti chake.

Morenike akafanya alichofundishwa tangu utotoni kufanya akikosa: akapiga magoti, pale pale jukwaani, kipaza sauti mkononi.

Mama akamtazama akiwa amepiga magoti. Midomo yake ilianza kabla hajaamua. Akanni, alisema, polepole. Akanni, mjukuu wa wawindaji, asiyegeuka nyuma msituni. Alikwenda mpaka mwisho, machozi yakishuka hadi kidevuni bila kufutwa. Kisha, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka yote ile, akaendelea: Abeke. Wa kubembelezwa. Wa kulelewa kwa mikono miwili.

Maman Rolande alifanya ishara ya msalaba. Wengine wakaitikia amina, ingawa hapakuwa na aliyeomba.

Mama akaketi, akaurudisha mkoba magotini.

"Sasa anza tena. Na umwite vizuri."

"Lakini maman," Hénock alisema kwa heshima, "ile neno haiingie ndani ya mapigo."

"Basi wewe uyapanue mapigo, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Ukumbi ukacheka, hata waliokuwa wanalia. Hénock akarudisha muziki nyuma, hadi pale sauti ya Folarin inapoishia. Morenike akabaki amepiga magoti.

"Boda mi," alianza, na ngoma ikamsubiri.