Tulikwenda Bunda na Dole Gumba la Shangazi

Niliondoka Musoma kwa sababu ya hasira, tena ile hasira tamu inayomfanya mtu afunge duka mchana kweupe na kuanza kutafuta begi. Shangazi yangu Nyangeta, dada wa marehemu baba, aliyeolewa Butiama, alikuwa ameazima simu ya jirani ili aniambie habari. Mnunuzi wa pamba amewaita wakulima wote ofisini kwake Bunda. Msimu huu kila mkulima aende mwenyewe, na kitambulisho chake, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Asiyefika, malipo yake yatapitia palepale yanapopitia siku zote.

Kwa shangazi, palepale maana yake ni simu ya Magesa, mdogo wa marehemu mume wake. Magesa hupokea, hutoa, hukata anachokiita "cha usumbufu," na kinachobaki humletea shangazi siku akijisikia.

"Sasa shangazi, si usajili laini yako?" nilimuuliza.

"Vidole yangu imekufa, mwanangu. Mashine inakataaga."

Akanieleza. Misimu kadhaa iliyopita alikwenda mara mbili mnadani kwa kijana mmoja mwenye mwavuli na kimashine cha kusoma alama za vidole. Kijana akamwambia weka dole gumba. Haijasoma, weka tena. Haijasoma, weka tena. Mwishoni akamwambia vidole vyake vimelika kwa jembe na kuponda kokoto, aende salama. Shangazi akaenda salama. Mimi nilipokata simu nilikuwa tayari nimesimama. Mjane analima, anapalilia, anavuna, halafu anasubiri hela yake kwa hisani ya shemeji kwa sababu ya kidole? Haiwezekani!

Asubuhi, Musoma. Nilifungua duka langu la vitenge pale Iringo kwa muda mfupi tu, nikamkabidhi jirani funguo, nikaingia mtaani kununua simu. Nilichagua ile ndogo ya vitufe, nyekundu, inayokaa na chaji hadi unaisahau. Nikanunua na furu, wale samaki wadogo wakavu, maana huwezi kutoka ziwani ukafika Butiama mikono mitupu na ukaeleweka. Gari dogo la abiria likatutoa mjini, tukaliacha ziwa na mawe yake nyuma, na hadi tunafika Makutano nilikuwa nimeshamsimulia dereva mkasa wote. Akaniambia mama yake naye wa Nyakato ana tatizo hilohilo la vidole. Nikamwambia asubiri, nikishinda nitamtafuta.

Mchana, Butiama. Nilimkuta shangazi amekaa kibarazani na jembe limeegemezwa mbali kabisa, mkono wake wa kulia umepumzishwa pajani na dole gumba limefungwa kipande cha khanga. Nilishtuka.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nalipumzisha." Akafungua kitambaa taratibu kunionyesha. Dole lilikuwa linang'aa. "Samli. Tangu nimekupigia simu sijashika jembe. Nyumba nzima inanicheka."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Bibi harusi wa mkoa mzima wa Mara hajawahi kusingwa namna dole lile lilivyosingwa. Lakini yeye hakucheka. Alilifunga tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba akirudi kutoka Bunda bila laini, hatajaribu tena, ataacha kulima pamba. Amechoka kuomba chake. Hapo na mimi nikaacha kucheka.

Jioni Magesa alipita. Ni mtu mchangamfu, ana salamu ndefu, na ukimwona humdhanii vibaya. Aliketi, akala furu wetu vizuri sana.

"Shemeji, Bunda ni mbali na jua kali," alisema. "Kesho mimi naenda. Nitakuandikisha, namba yangu karani anaijua."

"Wamesema mwenyewe," nikamjibu.

"Wanasemaga tu hao."

"Nitakwenda," alisema shangazi. Magesa akacheka, akanawa mikono, akaaga. Niliona kicheko hakikufika mbali.

Siku ya pili, njiani. Tulitoka mapema, tukapitia Kiabakari. Mashamba ya pamba yalikuwa yameshavunwa, mabua yamesimama makavu, na hapa na pale ng'ombe wanayamaliza. Shangazi alikaa dirishani, dole lake limefungwa, kila gari likiruka shimo analikinga kwa mkono mwingine. Nilijikuta na mimi nalikinga. Kondakta alimuuliza kama amegongwa na nyundo, shangazi akamwambia ashughulike na nauli.

Bunda. Mji una pilika wakati wote, malori ya Mwanza na ya Sirari yanapishana, watu wanaitana, na mimi moyo unanidunda kama niliyekwenda kuposa. Kwanza tulipita ofisi ya mnunuzi wa pamba. Karani akasema wanafunga orodha jioni ileile. Kwa hiyo tukavuka barabara haraka hadi duka la kampuni ya simu, duka lenyewe hasa, lenye kaunta na viti. Aliyetuhudumia ni kijana wa hapohapo Bunda, jina lake Khalfani, mwenye kofia ya kiua na sauti ya upole.

"Shikamoo mama. Weka dole gumba hapa."

"Marahaba, mura," akajibu shangazi, ndivyo kina mama wa kwetu wanavyowaita vijana. "Lakini nakwambia kabisa, hiki kimekufa." Akafungua kitambaa, akapangusa samli kwenye khanga, akaweka.

Mashine ikalia mara moja.

"Imesoma," akasema Khalfani.

"Imesoma nini?"

"Imekusoma wewe, mama. Nyangeta wa Butiama."

Jamani! Shangazi aliliangalia dole lake, akaniangalia mimi, akapiga kigelegele mle dukani hadi mlinzi akachungulia. "Haijafa! Vidole yangu haijafa!" Tukakumbatiana, wateja wakapiga makofi bila kujua sababu. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Khalfani hakuwa anapiga makofi. Alikuwa anatazama kioo chake.

"Mama, kuna laini nyingi hapa kwa jina lako. Zote zako?"

"Mimi sinaga laini hata moja."

Akatueleza polepole. Yule kijana wa mnadani, mashine yake ilikuwa inasoma vizuri tu. Kila aliposema haijasoma, weka tena, alikuwa anasajili laini nyingine kwa dole la shangazi. Laini hizo huuzwa kwa watu wasiotaka majina yao yaonekane, na wakitapeli, jina linalotafutwa ni la mwenye dole. Na mfumo hautakubali laini mpya kwa jina lake hadi zile asizozijua zifutwe.

Furaha yetu ilikatika. Shangazi alikaa. Nilimwona amekunja ngumi, dole gumba limefichwa ndani.

"Futa zote," nikamwambia Khalfani. "Zote, sasa hivi!"

"Subiri," akasema. "Niwasomee kwanza, mama aseme mwenyewe anazijua au hazijui." Akaanza kusoma namba moja baada ya nyingine. Shangazi akawa anatikisa kichwa. Sijui. Sijui. Ilipofika moja, akainua uso.

"Rudia hiyo."

Akarudia. Shangazi aliijua kwa kichwa, kama watu wasio na simu wanavyozijua namba za wengine. Ilikuwa namba ya Magesa.

Misimu yote ile hela ya pamba ilikuwa inaingia kwenye laini ya Nyangeta, kwa jina la Nyangeta, mfukoni mwa mtu mwingine. "Ndiyo maana karani alikuwa anaona jina sahihi," alisema shangazi, "na mimi nikimuuliza anasema, mama, hela si tulikutumia?"

Alimwomba Khalfani simu, akapiga hapohapo, sauti imewekwa kubwa.

"Shemeji Magesa. Laini unayotumia, ulijua ni ya jina langu?"

Magesa akakohoa. Kisha: "Niliinunua kwa yule kijana ikiwa tayari imesajiliwa... Nilipoona jina nilishangaa. Nikaona sisi ni familia moja, haina shida."

"Uliliona jina."

"Shemeji, tutaongea nyumbani."

"Tutaongea," akasema, akamrudishia Khalfani simu. "Zile nyingine futa. Hii usifute. Hii ni yangu, nipe."

Khalfani alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akamtengenezea kadi mpya ya namba ileile, akaipachika kwenye simu yetu nyekundu, akatuandikia na maelezo ya kupeleka polisi kuhusu zile nyingine, ili kesho asije mtu kugonga mlango wake. Alituambia upande wa pesa utafunguka baada ya saa kadhaa. Tukarudi kwa karani mbio. Hakuwa na cha kubadilisha, namba ilikuwepo na jina lilikuwepo. Alihakiki kitambulisho, akatazama uso, akaweka alama. Basi! Nilitaka kupiga kigelegele tena, shangazi akanifinya.

Jioni, Butiama tena. Tulipitia polisi kwanza, kisha nyumbani. Magesa alikuwa kibarazani, simu yake ya laini mbili mkononi, laini moja haina mtandao. Safari hii salamu zake zilikuwa fupi. Akasema mle ndani ya laini kulikuwa na hela yake mwenyewe, ya mbuzi aliyemuuza.

"Ipo," shangazi akamjibu. "Sijaigusa. Nitakutumia kwenye ile laini yako nyingine. Mimi sikatagi cha mtu."

Magesa aliinamisha kichwa. Sikumwonea huruma, ila niliona aibu yake ilikuwa ya kweli.

Mimi nilisafiri nikidhani nakwenda kusaidia vidole vibovu. Nimejifunza kwamba mtu akikuambia weka tena, umwombe kwanza akuonyeshe kilichokataa, na kwamba kila mmoja wetu ahakiki ni laini ngapi zimebeba jina lake, kuanzia na mama wa yule dereva. Hayo nimeyasema kwa kila mteja wangu tangu nirudi.

Lakini jioni ile sikuwa nafikiria hayo. Simu ilikuwa imetoa mlio, pesa imefunguka, inamtaka shangazi aweke namba ya siri mpya. Nikasogea kumwelekeza, nimezoea. Magesa naye akasogea, amezoea.

Shangazi akaibana simu kifuani.

"Geukeni," alisema. "Wote wawili."

Tukageuka, mimi na Magesa, tukautazama ukuta. Nyuma yetu vitufe vikalia kimoja kimoja, taratibu, bila kukosea, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kunyimwa kitu.