Chupa Nyuma ya Pazia

Chekeni tu, mi mwenyewe leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo karibu (na hapa Musonoi mashimo ya migodi hatukosi) ningejitumbukiza.

Mnajua nilivyopasuliwa koo la chakula sababu ya kansa. Nikarudi nyumbani na sonde, yaani mrija mwembamba unaoingia tumboni moja kwa moja kupitia ngozi, maziwa ya hospitali, mepesi ya manjano, yanashuka humo polepole kutoka kwenye chupa iliyotundikwa juu, mpaka koo lipone. Daktari akanionya: "Mama Kapinga, kilo zikipunguka tena, nitakurudisha ku kitanda cha hospitali." Na harusi ya binti yangu Solange ni Jumamosi! Basi sonde sikuikosa hata mara moja.

Sasa Alhamisi, saa ya sonde imefika, mara hodi! Ndugu za mchumba wa Solange wamekuja kunijulia hali, na Ilunga, mchumba mwenyewe, bukwe wangu, yaani mkwe, yuko katikati yao. Kwetu mama mkwe kula mbele ya bukwe ni haya kubwa, heri akukute unaoga. Solange akaninong'oneza, "Mama, twende mu chumba." Nikakataa, wageni niwaache na nani? Nikajitia akili: chupa itundikwe kwenye msumari nyuma ya pazia la chumba, mrija upite chini ya pazia, uingie chini ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, mi nikae kwenye kiti natabasamu. Mdomo haufunguki, nani atasema nakula? Nilijiona mjanja kweli.

Tukapiga stori vizuri, maziwa yanashuka, nauliza habari za kwao Kisenge, mpaka mjomba wa Ilunga (mzee wa kanisa huyo) akasema, "Tusimame tuombe." Na mi na adabu zangu, nikasimama wa kwanza.

Mrija ukavutika, ukaachia pale unapoungana, chini ya kikwembe, na maziwa yakaanza kuchuruzika miguuni pangu mpaka kwenye viatu vya mjomba. Sala ikakatika. Wote wakaangalia chini, kisha wakaangalia ukuta, na shangazi mmoja akasema kwa huruma, "Mama, usisikie haya, ni bugonjwa tu." Mawe, mama yangu! Nikaelewa wanafikiri nini.

"Hapana mukojo!" nikapiga kelele. "Ni chakula! Niko nakula!"

Nimekimbia haya moja nimeangukia nyingine, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya bukwe. Solange alisafisha mrija, akaunganisha, akajaza maziwa mapya, lakini ule msumari ulikuwa umelegea, haushiki tena, na mi nilitaka kumwambia aache, leo sili.

Ilunga akasimama. Nikajua anatoka. Kumbe akavuta kofia mpaka puani, akaja kinyumenyume, akapapasa mpaka akapata chupa, akaiinua juu na uso wake ukutani.

"Mama, kula," akasema. "Mi siko naona kitu."

Na mjomba akakohoa, akafunga macho tena: "Kama mama anakula, basi tubariki chakula."

Kilo hazikupunguka. Pazia na mi tumeachana kabisa, siku hizi saa ya sonde natangaza kama kengele ya kanisa. Na harusini nilikuwepo, mstari wa mbele. Mkija nitawaonyesha picha: watu wote wanacheka na kamera, isipokuwa bwana harusi, amegeukia ukuta, mkono juu, ameshika chupa.