Panya Aliyegonga Kopo

Nilimfuga panya ndani ya kisanduku cha waya, nyuma ya jiko letu hapa Kolwezi. Nilimwekea kopo la sardini. Akiligonga, nampa tonge dogo la bukari, ugali wetu. Alikuwa na adabu: anagonga mara tano au sita, anashiba, analala.

Kisha mama akasema unga unaisha. Nikaanza kumpa mara mojamoja. Leo baada ya kugonga mara tatu, kesho mara ishirini, kesho kutwa mara ya kwanza tu. Nilidhani atachoka. Wapi! Aligonga toka asubuhi kama fundi wa sufuria.

Dada yangu mkubwa alikuja, simu mkononi. Mchumba wake anafanya kazi Fungurume, na Jumapili hiyo watu wake walikuwa wanakuja kuijua nyumba yetu.

"Weye hausemake, panya yako njo anasema! Bakwe bakisikia ile kelele, batarudia mu njia."

"Atanyamaza, yaya," nikamjibu dada.

Akaitazama simu. Akaitazama tena. Mchumba alikuwa akipiga leo, anapotea siku nne, halafu anapiga mara mbili kwa siku moja. Nami nikakitazama kisanduku cha panya.

Toka siku hiyo panya hakupata kitu kwa kugonga. Nilimwekea chakula chake jioni tu. Hakuacha.

Jumapili wageni wakaketi, mchumba akiwa kati yao. Shangazi wa mchumba alikuwa ananawa mikono, mara: ko, ko, ko.

"Nani anagonga?"

Dada aliinamisha kichwa, macho yamejaa machozi. Basi nikasema mimi, ambaye wageni huwa nawasalimia nikitazama miguu yao.

"Ni panya yangu, mama. Mbele nilimupa kila mara, akatulia. Nikamupa mara mojamoja, njo hachoke tena."

Shangazi akacheka hadi maji ya kunawa yakamwagika. Akaitazama simu mkononi mwa dada, akamgeukia mchumba.

"Tata, na weye, unapigiaka huyu mutoto simu namna gani?"

"Mara... mara mojamoja, mama."

"Njo vile! Leta bukari, tukule. Huyu mutoto ni wetu," akasema, amemshika dada mkono.

Sasa panya anapata tonge kila anapogonga, na amenenepa kwa usingizi. Mchumba naye anapiga kila jioni. Dada anaiacha simu mezani, inalia mpaka mama amwite.