Pumzi ya Nusu Chupa

Kiangazi kile Matongo yote ilinuka vumbi la mawe. Karasha zilisaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, na vumbi lake jeupe lilikaa kwenye majani ya mihogo, kwenye nguo kambani, na kifuani mwa baba, aliyekuwa akifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Nesi wa zahanati alinyanyua chupa ya maji, ile ya nusu lita, akatueleza kwamba mtu mzima akipumua kawaida tu, bila kujikaza, kila pumzi huingiza na kutoa hewa ya kujaza chupa ile. "Ya baba yenu haifiki nusu yake," akasema. Heri asingesema mbele yangu. Tangu hapo hofu haikuniacha. Baba akilala mchana nilikaa kwenye kigoda kando yake, nikitazama shuka likipanda na kushuka. Likichelewa kupanda, nami nilibana pumzi. Niliogopa kwamba nikigeuka tu, ataacha.

Siku moja bibi, mama yake baba, alinifukuza niende kuteka maji. "Utamkodolea macho mpaka umchoshe," alisema kwa Kikurya. Nikiwa narudi, karibu kufika nyumbani, nilimwona jirani yetu Mama Pendo, aliyekuja kutoka Shinyanga kufuata dhahabu, amesimama uani kumjulia hali mgonjwa. Kikurya hakujua, basi bibi akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, "Baba Rhobi amepumzika!" Mama Pendo akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. Ndoo ikaniponyoka. Nilikimbia, na kifua changu hakikuwa na hewa hata ya kumwita baba.

Nilimkuta ameketi kitandani. Bibi alitufuata akitushangaa. "Mnalia nini? Asubuhi alikuwa anahema vibaya. Sasa amepumzika, anataka uji." Kwake yeye kupumua na kupumzika lilikuwa neno moja. Mama Pendo alicheka huku akijifuta machozi. Mimi sikucheka. Niliweka sikio mgongoni kwa baba, nikakaa hivyo mpaka akamaliza uji wake.

Baba aliishi miaka mingi na pumzi zake fupi. Siku hizi nakaa Mugumu, mbali na karasha, na bado nawachungulia wanangu wakilala. Mwaka jana kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, alinipigia simu.

"Rhobi, baba amepumzika."

Nilisubiri aseme kwamba anataka uji.