Pampu Kwenye Mstari wa Kumi na Nne

Shilingi elfu tano na mia mbili. Nilizihesabu wakati ule, nimezihesabu tena juzi kwa vidole, jibu ni lilelile: nauli ya Shinyanga kwenda na kurudi mara mbili, kurasa mbili za imeili, na soda moja niliyokunywa kwa aibu. Ndizo zilizoipatia pampu yetu mpira mpya, mwanangu. Karibu nusu yake ililipia ujanja wangu mwenyewe.

Siku moja haijanitoka kichwani, ile ya mkutano wa hadhara pale Tinde, kiangazi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mkuu wa wilaya alisimama akatuambia ofisi yake sasa ina kompyuta, na mwananchi mwenye shida anaweza kumwandikia imeili. Barua ikiandikwa asubuhi, mchana ameshaisoma. Mzee mmoja akainua mkono.

"Mheshimiwa, hiyo barua inapitia kwa karani?"

"Haipitii kwa mtu, mzee wangu. Inakuja moja kwa moja kwangu."

Tulipiga makofi zaidi kuliko tulivyoipigia hotuba nzima.

Kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka hapo, pampu ya kisima ilikuwa imekufa tangu mavuno. Wanawake tulifukua mchanga wa mtoni tukachota kwa bakuli, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto waliharisha nyumba hadi nyumba. Tukakubaliana tuchange, tumwandikie mkuu. Mimi nilikuwa nauza mchele na karanga mnadani, na kwa kuwa sijawahi kuona haya mbele ya bei, nikachaguliwa kupeleka.

Lakini kwetu aliyechanga ana haki ya kusema. Masanja, jirani yangu, alitoa mia tano, akataka maksai wake atajwe, kwani alikuwa anakonda huku anakula. Mwingine alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwingine alitaka shemeji yake atafutwe, amekimbilia machimbo ya Geita na mahari haijaisha. Bibi Milembe, shangazi wa mume wangu, alinipa mia moja, ikiwa bado ina joto la kiganja.

"Mimi sina la kwangu, mayu, mama," akasema. "Andika maji."

Nikamwahidi. Na niliandika kweli, usinifikirie vibaya.

Shinyanga mjini, Bwana Kanji alikuwa na duka la spea za baiskeli, na nyuma ya matairi ndiko ilikokaa kompyuta, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa.

"Ukurasa elfu moja na mia tano, mama."

"Elfu moja."

"Hii inapita kwenye simu mpaka Dar es Salaam, mama. Si mchicha."

"Elfu na mia mbili, nitakuletea wateja."

"Na mia tatu. Basi, umeniua."

"Na nikiandika nusu ukurasa?"

"Bei ileile."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu aliyelipia gunia hawezi kuondoka na nusu gunia. Nikamwambia ajaze mpaka chini. Shida zote zikaingia, nami nikazipanga kwa haki niliyoijua mimi: mchango mkubwa juu, mdogo chini. Maksai wa Masanja akakaa mstari wa kwanza. Pampu, iliyotetewa na mia moja ya Bibi Milembe, ikaangukia mstari wa kumi na nne, chini ya shemeji wa Geita.

Bwana Kanji akachapa huku anatikisa kichwa. "Mama, unashindilia kama mpunga."

"Nimelipia karatasi nzima."

Mkuu hakutuangusha. Jibu lilikuja upesi, Bwana Kanji akalichapisha na kumpa kondakta wa basi atuletee. Nikalisoma mbele ya watu: amepokea, anashukuru, na bwana mifugo ameagizwa kumwona maksai wa Masanja. Basi. Masanja alicheka peke yake.

Bwana mifugo akaja na pikipiki yake. Akamtazama maksai, akatoa dawa ya unga, akaomba maji safi ya kuichanganyia. Tukamletea ya kwetu. Akainua chupa juani.

"Nikimchoma na hii, ninamuua mimi. Hamna kisima?"

"Pampu imekufa," Masanja akasema, na hapo hakucheka tena.

"Mbona hamkumwambia mkuu?"

"Tumemwambia," nikasema. "Iko chini chini kule."

Bibi Milembe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akaniita. "Ng'wanawane, mwanangu, umemwendea mtu mwenye shughuli, ukamwagia kapu zima. Ameokota kilichokuwa juu. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Heri angenitukana.

Nilirudi Shinyanga kwa pesa yangu. Bwana Kanji akachapa: pampu ya kijiji imeharibika, watoto wanaumwa, tunaomba fundi. Akangoja.

"Na nafasi yote hii?"

"Iache."

Iliniuma, mwanangu, karatasi nyeupe namna ile kwa elfu na mia tatu. Ndipo nikanunua soda. Lakini kabla ya mnada uliofuata fundi wa maji alikuwa amefika na mpira wa pampu, na jioni hiyo ndoo zilipanga foleni hadi njiani. Bwana mifugo alirudi, maksai akachomwa, akalima misimu mingi. Masanja humsimulia kana kwamba imeili ilikuwa yake.

Nasaha yangu ni hii. Kiongozi akiwafungulia mlango wa kumwandikia, kaeni kwanza nyumbani mkubaliane jambo moja. Lililo la mtu mmoja litapiganiwa na mwenyewe hadi lifike juu, lakini la wote halina wa kulisukuma, kwa hiyo lisukume wewe. Mungu akupe masikio ya kuwasikia wasiopiga kelele, akujalie maji safi, watoto wenye afya na viongozi wanaojibu.

Sasa nisaidie. Kijiji kimenichagua tena niandike. Zahanati haina mkunga, na daraja la kwenda shule limechukuliwa na mvua, nayo yote mawili ni ya wote. Wewe uliyesoma, niambie: niandike lipi?